Maji Matamu kwa Kitunguu

Jumapili Neema alinipigia simu kuniambia kwamba baba yake amefariki, na alipomaliza kulia akaniomba niandike ukurasa mmoja wa kumsifu, usomwe kanisani kabla ya mazishi. Alisema mimi ndiye mwanafunzi wa baba aliyefika mbali, kwa hiyo inanipasa. Nikamwambia pole mdogo wangu, Mungu awape nguvu, nitaandika. Nimekaa na kalamu siku mbili hapa kwangu Nzuguni, chai imepoa mara nne, na sifa hazijaja. Kilichokuja ni mwaka ule niliokaa kwao Area D nikisoma kidato cha sita, na nimeamua kuuandika ulivyo. Kanisani wasome cha mtu mwingine. Najua nitaambiwa marehemu hasemwi, na kwamba mwanamke wa umri wangu, aliyekwenda mpaka Makka, hana haja ya kubeba kinyongo cha miaka arobaini. Sawa. Lakini kinyongo hiki nimekilea mwenyewe, na aliyenipa amekufa bila kuniomba radhi, sasa nikipeleke wapi?

Shule yetu haikuwa na bweni la wasichana, na kutoka kwetu Kolo hadi Dodoma mjini si safari ya kwenda na kurudi. Mwalimu Ndahani, aliyetufundisha bayolojia, alikubali nikae kwake kwa sharti kwamba nimsaidie mkewe kazi za nyumbani. Nikapewa stoo. Ilikuwa na magunia mawili ya uwele, majembe, baiskeli mbovu isiyo na gurudumu la mbele, na dirisha ambalo ningeweza kuliziba kwa daftari moja. Nililala kwenye mkeka kati ya magunia na ukuta, na Neema, aliyekuwa na miezi minane tu, mara nyingi nililala naye mimi, maana akiamka kulia alimsumbua Mwalimu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, Jumapili nyama. Nyama sikuila, kwa kuwa sikujua aliyechinja ni nani, na Mwalimu hakuacha kunikumbusha. Kila Jumapili aliinua kipande mbele yangu akauliza kama sisi Warangi tunajiona wasafi kuliko wenye nyumba. Mkewe, Mama Neema, siku hizo alinibakizia maziwa ya mgando nyuma ya mtungi. Yeye simwandiki vibaya.

Aliyeijua Dodoma ya wakati ule hahitaji kuelezwa habari ya maji. Asiyeijua aelewe kwamba nyumba ilikuwa na maji ya aina mbili. Ya kisimani yalikuwa ya chumvi. Ukifulia, sabuni inagoma kutoa povu, na ukichemsha, sufuria inabaki na ukoko mweupe wa kukwangua kwa kisu. Hayo ndiyo yalikuwa ya kuoga, ya kudeki, ya kumwagia chochote kinachomwagiwa maji. Maji matamu yaliletwa kwa mkokoteni wa punda mara mbili kwa wiki, yakamiminwa kwenye pipa lenye kufuli, na Mama Neema alitupimia: Mwalimu vikombe vinne kwa siku, yeye vitatu, mimi viwili, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Yalikuwa ya kunywa na ya chai ya mgeni, basi. Mtu angeonekana akinawia mikono maji matamu angesemwa mtaa mzima kwamba ana wazimu au ana dharau. Kuyamwagia mmea ni jambo ambalo halikuwahi kumpitia mtu kichwani, awe amesoma au hajasoma.

Sasa kuna kitunguu. Kwenye mazoezi ya maabara tulitakiwa kuonyesha seli zikigawanyika, na Mwalimu alituapia kwamba kwenye mtihani swali hilo halikosi. Unachukua kitunguu, unakikalisha kwenye mdomo wa chupa, kitako kikiguse maji, unangoja siku nne mizizi itoke. Asubuhi unakata ncha ya mzizi, fupi kuliko punje ya mchele, unaipasha moto kidogo kwenye asidi ilainike, unaitia rangi, unaiweka kwenye kioo, unafunika kwa kioo kingine chembamba, halafu unakandamiza kwa dole gumba mpaka itandazike. Kisha unaweka kwenye hadubini na kutafuta. Tunatumia ncha kwa sababu mzizi hukulia hapo, si kwingine. Watu wengi hudhani kiumbe hukua kwa kuvimba kama unga uliotiwa hamira. Sivyo. Seli moja haiwezi kunenepa bila mwisho, maana chakula chake kinaingia kwa kupitia ngozi yake, na tumbo huongezeka haraka kuliko ngozi inavyoongezeka. Ikizidi kipimo, ndani kutakuwa na njaa. Kwa hiyo ikishakua vya kutosha inanakili kwanza zile nyuzi zake zinazobeba maagizo yote, inazipanga katikati, inazivuta nusu huku na nusu kule, halafu inajenga ukuta katikati. Palipokuwa na moja panakuwa na mbili, kila moja na maagizo kamili. Mtoto anarefuka kwa njia hiyo, kidonda kinafumba kwa njia hiyo, na mzizi unaingia ardhini kwa njia hiyo.

Hayo tuliyajua kwa kukariri, kwa sababu pale shuleni hakuna aliyewahi kuyaona. Mwaka baada ya mwaka vitunguu viliwekwa, mizizi ikakatwa, watu wakainamia hadubini hadi shingo zikauma, na kilichoonekana ni seli zilizokaa kimya, kila moja na kiini chake cha mviringo, hakuna inayofanya kitu. Mwalimu Ndahani alikuwa na maelezo ya aina moja tu, nayo ni uzembe. Mmekata vibaya. Mmechelewa. Mnaangalia kwa macho huku akili iko kwenye ugali. Alituchapa viganjani kwa rula ya mbao, upande wa ubapa kwa wasichana na upande wa ncha kwa wavulana, na kwenye daftari akaandika sifuri kwa wino mwekundu. Waliotutangulia aliwaandikia hivyohivyo. Nilisikia habari za mmoja aliyeacha masomo ya sayansi kabisa kwa sababu ya sifuri hizo, akarudi kulima karanga.

Kazi ya kubadilisha maji ya vitunguu ilikuwa yangu, kwa vile nilikuwa wa nyumbani kwake na alijua kunitumia bila kuniomba. Kila jioni nilijaza chupa kumi na nne kwa maji ya kisima cha shule. Nikaanza kuitazama ile mizizi. Ilitoka michache, mifupi, ncha zake za kahawia. Mimi nimekulia Kolo, maji yanatoka mlimani matamu, na kitunguu kikisahauliwa kwenye beseni la uani kinaota mizizi mirefu, myeupe, mingi kama ndevu za mzee. Hii ya shuleni ilikuwa mizizi iliyokata tamaa. Halafu nikakumbuka somo la kiazi. Mwalimu huyuhuyu alikuwa ametuwekea kipande cha kiazi kwenye maji yenye chumvi, kikanywea, akatueleza kwa madaha kwamba chumvi imevuta maji yakatoka ndani ya seli. Seli iliyonyang'anywa maji haivimbi, isiyovimba haikui, na isiyokua haina sababu ya kugawanyika. Alikuwa nalo jibu, amelifundisha kwa mdomo wake, na hakuliona, kwa sababu hata yeye, na shahada yake ukutani, asingeweza kuota kwamba maji ya mgeni yapewe kitunguu.

Nikaweka kitunguu kimoja pembeni, nyuma ya kabati la chupa za dawa. Siku nne kikombe changu cha jioni sikukinywa. Nilikimimina kwenye chupa ya soda, nikaenda nacho shule asubuhi, na kiu yangu nikaituliza kwa maji ya kisima. Tumbo lilinikata, sitaki kulisimulia. Siku ya tatu mizizi ilikuwa imeshapita urefu wa kidole, myeupe. Siku ya tano niliwahi kabla ya kengele, nikakata, nikapasha, nikatia rangi, nikakandamiza.

Nimeangalia seli kwa miaka zaidi ya thelathini baada ya hapo, kwenye maabara za hospitali, na nimesahau nyingi. Zile sijazisahau. Katika moja nyuzi zilikuwa zimejipanga katikati, zimesongamana. Katika ya pili zilikuwa zimeshaachana, nusu juu na nusu chini, na uzi mmoja umechelewa, umebaki nyuma ya wenzake. Ya tatu ilikuwa na ukuta mwembamba uliokuwa ukianza kujengwa. Nikahesabu, zilikuwa nyingi, kila nilikosogeza kioo. Nililia, nasema kweli, nililia peke yangu mle maabara, na nikachora kwa penseli nilivyoona, pamoja na ule uzi uliochelewa.

Mwalimu alipoingia na darasa nikamwambia shikamoo Mwalimu, naomba uje uangalie. Akaja kwa kejeli, akainama. Akakaa hapo muda mrefu. Niliona vidole vyake vikizungusha ile skrubu ya kulengea, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena. Kisha akanyooka, akachomoa kioo, akatoa leso mfukoni, akakifuta kikawa safi, akakirudisha kwenye boksi.

"Hakuna kitu," akasema. "Umechora nini?"

"Nilichokiona, Mwalimu."

"Umechora ulichobuni. Hata kitabuni hakuna uzi unaobaki nyuma."

Nikamweleza habari ya maji, mbele ya wenzangu wote. Kama kuna mahali nilikosea ni hapo, maana ningemwambia faraghani pengine angejifanya kagundua mwenyewe na maisha yakaendelea. Aliuliza kumbe naiba maji nyumbani kwake nakinywesha kitunguu, na darasa likacheka mpaka likakohoa. Nikasema ni kikombe changu. Hakuna aliyesikia.

Jioni ile nilikuwa jikoni nachambua choroko, Neema yuko mgongoni, na dirisha la jikoni lilitazamana na la sebuleni, hatua tatu hivi. Sikuwa najificha. Mwalimu alikuwa akila na mkewe amekaa naye. Nilimsikia akisema kwamba yule binti amechora kweli, seli ameziona kwa macho yake. Mama Neema akamjibu kwa utulivu kwamba kama ni hivyo, amwambie, kuna nini. Mwalimu akasukuma sahani.

"Nimwambie?" akasema. "Miaka tisa nawachapa watoto wa watu. Niwaambie nilikuwa nawachapa kwa sababu ya maji?"

Choroko zilibaki kwenye ungo. Ningekuwa mtu mwema ningemwonea huruma saa ile, kwa kuwa nilimsikia sauti, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Sikumwonea. Nilimchukia kuanzia hapo, chuki safi isiyo na mchanganyiko, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alijua. Mjinga husamehewa. Huyu alikiona kitu chenye uhai kikifanya kazi yake mbele ya macho yake, akakifuta kwa leso.

Kesho yake niliitwa kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Ndahani alikuwa amekaa pembeni, miguu ameikunja, hanitazami. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa kwa mkono wake: mimi Mwajuma nakiri kwamba nilichora seli zinazogawanyika bila kuziona, kwamba nilibuni, na kwamba naomba radhi kwa mwalimu na darasa. Mwalimu Mkuu hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. Alisema nikisaini, jambo limeisha, nitakaa na kufanya mtihani. Nisiposaini, nitarudishwa kwetu Kolo kwa utovu wa nidhamu, na mtihani ulikuwa wiki saba mbele. Niliuliza kama naweza kukata mzizi mwingine hapohapo waone. Akasema binti, usinipotezee muda. Nikasaini. Niliandika jina langu kwa mwandiko wangu mzuri wa siku zote, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Watu wakiniuliza kwa nini nilichagua kazi ya maabara nawaambia napenda sayansi. Sehemu ya jibu ni hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuangalia vipande vya nyama vya wagonjwa na kusema kama seli zinagawanyika kwa kiasi au zimevunja breki, maana seli nzima hungoja kwanza: inangoja maji, inangoja chakula, inangoja nafasi, inangoja iambiwe na jirani zake. Ile ya saratani haingoji mtu. Kila nilipoandika kwenye fomu neno nimeona, na chini yake sahihi yangu, niliikumbuka sahihi ile nyingine. Nilikuwa mgumu kwa wasaidizi wangu. Mtu akiniletea kioo akasema hakuna kitu, nilimrudisha akaangalie tena, na tena, wakaniita majina nyuma ya mgongo wangu. Ugumu huo nao nimeupata kwa Mwalimu Ndahani, na simshukuru.

Ilipita wiki moja hivi. Jumatatu asubuhi nikiwa nafagia uani nilimwona Mwalimu akimwomba mkewe ufunguo wa pipa. Alijaza galoni mbili za maji matamu, akazifunga nyuma ya baiskeli yake nzima na kuondoka akiisukuma. Nilipofika maabara chupa kumi na nne zilikuwa zimejazwa. Aliliambia darasa kwamba ametafakari na kupata njia mpya, kwa kuwa Ijumaa anakuja mkaguzi wa elimu, na kwamba vitunguu vya Dodoma vinahitaji maji laini. Alivyotamka maji laini, mtu angedhani ameyagundua mezani kwake kwa kusoma. Wenzangu walinitazama kwa chati. Nilijiambia nina mtihani, nina pa kulala, ninyamaze. Nilijiambia hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi mizizi ilikuwa imetoka myeupe kwenye chupa zote kumi na nne, na aliniagiza nikae baada ya masomo nivipange vitunguu kwa ukubwa, vikubwa mbele. Nikavipanga. Nilipokuwa nikivipanga nilijua sitaweza kunyamaza.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene na mkoba wa ngozi, mtu wa kuuliza maswali mafupi. Aliinamia hadubini, akasema loo, hizi zimependeza, ameandaa nani? Mwalimu Ndahani akasema ni yeye, kwa njia yake mwenyewe. Mwalimu Mkuu akatabasamu. Mama yule akaanza kutuita mmoja mmoja tuje tumwonyeshe seli moja inayogawanyika na kueleza inafanya nini. Wenzangu wanne wakaenda, wakaeleza vizuri, na mara yao ya kwanza kuona ilikuwa hiyo, sauti zao zilionyesha. Kisha akaniita mimi.

Nikasimama pale mezani, sikuinama. Nikamwambia shikamoo mama. Akaitikia, akasema haya, tuonyeshe.

"Mimi siruhusiwi kuziona, mama," nikasema. "Kuna karatasi ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Nimesaini kwamba hizi seli nilizibuni."

Mwalimu Mkuu alianza kusema ni jambo dogo la nidhamu. Mama yule aliniuliza mimi ni lini, na nilichora nini, na kitunguu changu nilikimwagia maji gani. Nikajibu maswali matatu kwa majibu matatu. Akaagiza karatasi iletwe pamoja na daftari langu, na wakati zinafuatwa akaniambia nikae kwenye hadubini nichore. Nilichora kama dakika kumi, darasa zima limesimama, na Mwalimu Ndahani alikuwa nyuma yangu karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zake puani. Nilipomaliza, mama aliweka mchoro mpya kando ya ule wa zamani, akaangalia kwenye hadubini, akaangalia michoro, akaisoma karatasi niliyosaini mpaka chini. Alimpa Mwalimu Mkuu ile karatasi, akamwambia haina kazi, aichane. Mwalimu Mkuu akaichana vipande viwili, kisha vinne, akabaki navyo mkononi hajui avitupe wapi. Mkaguzi akamwita mwanafunzi wa sita.

Sikupongezwa na mtu, na Mwalimu Ndahani hakuulizwa kitu mbele yetu. Kengele ilipolia alinifuata hadi mlangoni, akasimama mbele yangu, macho yamekuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimtazama usoni bila kuinamisha kichwa.

"Leo usikanyage kwangu," akasema.

"Sikanyagi, Mwalimu," nikamjibu. "Mizigo yangu nimeitoa tangu alfajiri."